Kitabu Hiki Tukiweke Wapi?

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima ni ushairi au ni historia? Mwulize mwalimu wa Kiswahili hapa Tanga, atakujibu ni ushairi, na hatachelewa: una beti, una vina, kila kipande kina mizani minane, na kipande cha mwisho cha kila ubeti kinarudi kwenye kina kile kile tangu mwanzo hadi tamati. Mwulize mwalimu wa historia wa shule hiyo hiyo, atasema ni miongoni mwa maandishi machache yanayoeleza zama za Abushiri na Bwana Heri, viongozi wa mwambao waliopigana na Wajerumani, kwa Kiswahili na kwa macho ya watu wa mwambao wenyewe. Wote wawili wamesema kweli. Lakini kitabu ni kimoja, na mkutubi hawezi kukipasua akaweka nusu huku na nusu kule.

Mtunzi wake, Hemed bin Abdallah el-Buhriy, alikuwa mtu wa pwani hii ya Tanga. Vita anavyovisimulia vilizuka 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipotaka kushika utawala wa miji ya mwambao, na Abushiri bin Salim akaja kutiwa kitanzi Pangani mwezi Desemba 1889. Utenzi ulitungwa muda si mrefu baada ya hapo, na 1955 ukachapishwa pamoja na tafsiri ya J.W.T. Allen. Siku hizi ukitajwa darasani hutajwa penye mlango wa tenzi. Mwanafunzi hufundishwa kuhesabu mizani yake. Hakuna anayemwuliza kama anayoyasema Hemed kuhusu Pangani yalitokea au hayakutokea, yaani lile swali ambalo mtunzi mwenyewe angelitaka liulizwe kabla ya mengine yote.

Naamini tunakosea pa kuanzia. Kitabu kikituchanganya, sisi hutazama umbo lake kwanza: kina beti au kina aya, kina wahusika wanaozungumza au msimulizi mmoja, ni kirefu au kifupi. Kisha tunakipachika jina. Ingefaa tuanze na swali jingine kabisa: kitabu hiki kimemwahidi nini msomaji? Kuna ahadi ambayo mwandishi akiivunja, msomaji ana haki ya kurudi kumdai, na kuna mambo ambayo hata yakikosekana hana la kudai. Ile ahadi ndiyo utanzu wa kitabu, yaani aina yake. Umbo ni nguo kilichovaa.

Tumpime Hemed kwa kipimo hicho. Tuseme leo ingegundulika kwamba vita vya Pangani alivibuni akiwa amekaa barazani kwake. Vina visingepungua hata kimoja. Mizani ingebaki minane. Ila msomaji angehisi ameibiwa, na angekuwa na haki. Basi ule ni tarehe, historia iliyoandikwa kwa nguo ya utenzi. Wala wazee wetu hawakuona ajabu yoyote katika hilo. Utenzi ulibeba vita vya Mtume, ulibeba mafundisho ya dini, ulibeba wasia wa mzazi kwa mtoto, kama Mwana Kupona alivyomwandikia bintiye katikati ya karne ya 19. Msikilizaji aliyekaa barazani akighaniwa utenzi alijua vizuri lipi anatakiwa aliamini, lipi alishike alitende, na lipi ni la kumstarehesha tu. Sisi tuliosoma shule ndio tumepoteza ujuzi huo, tukadhani kila chenye vina ni mali ya mlango mmoja.

Na mlango huo una namba. Maktaba nyingi duniani, na maktaba zetu za umma zimo, hupanga vitabu kwa mfumo aliouanzisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Fasihi ya Kiswahili imewekwa penye 896.392, chini ya fasihi za Afrika, na hizo nazo ziko chini ya fasihi za lugha nyinginezo, baada ya Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kitaliano, Kihispania, Kilatini na Kigiriki kujipatia nafasi zao pana. Halafu huongezwa tarakimu ya umbo: 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthiliya, 3 kwa hadithi za kubuni, 4 kwa insha, 5 kwa hotuba, 6 kwa barua, na 8 kwa maandishi ya mchanganyiko. Historia ya Tanzania iko mbali, penye 967.8. Ukiupa utenzi wa Hemed namba ya ushairi, mtafiti wa vita vya mwambao atapita rafu ya 967.8 akaondoka bila kuuona. Ukiupeleka kwenye historia, kijana anayejifunza kutunga tenzi hataufikia kamwe. Kitabu kilichowekwa pasipo pake huwa kimepotea ingawa hakijaibiwa.

Nisieleweke kwamba nawalaumu wakutubi. Kitabu cha karatasi hukaa mahali pamoja tu, na mtu lazima aamue. Lakini katalogi haibanwi hivyo. Kitabu kimoja kinaweza kuandikishwa chini ya vichwa vitatu vinne, hasa sasa kazi inapofanyika kwa kompyuta, na kila kichwa kikamwelekeza msomaji kwenye rafu ile ile. Namba ya rafu ifuate ahadi kubwa ya kitabu, na vichwa vya katalogi vifuate kila kitu kingine kilichomo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu aliyekisoma kitabu, asiyeishia kutazama jalada.

Shuleni tabu ni kubwa zaidi. Kwa miaka mingi kidato cha nne wamefundishwa fasihi andishi kwa milango mitatu: ushairi, riwaya na tamthiliya. Maswali ya mtihani nayo hufuata milango hiyo, kwamba mtahiniwa atumie riwaya mbili au diwani mbili alizosoma. Kitabu kisichoingia katika mlango mmojawapo hakiwi kibaya. Kinakuwa hakipo. Mwalimu hana saa ya kukifundisha, duka la vitabu halina sababu ya kukiagiza, na mchapishaji akifanya hesabu zake anaona heri achape kingine. Hivyo ndivyo mkoa uliomzaa Shaaban Robert unavyoweza kukuza vijana wanaomjua kwa Kusadikika peke yake, kama hata hicho wamekisoma.

Shaaban Robert mwenyewe ndiye ushahidi wangu mkubwa. Alizaliwa Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga, mwaka 1909, akafa 1962, na katika muda huo aliandika vitabu ambavyo ukivipanga mezani utaona ni vichache mno vinavyokubali jina moja. Chukua Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Tunaambiwa ni tawasifu. Ndiyo, anasimulia kazi yake serikalini, ndoa, misiba na uhamisho. Lakini ghafla nathari inakatika na unajikuta ndani ya utenzi mzima aliomtungia binti yake, na mwingine wa kumwusia mwanawe, na shairi la kumlilia mkewe Amina. Kuna wasomaji wanaoziruka beti hizo ili wawahi kujua nini kilimpata baadaye. Wengine hufanya kinyume: huzitoa beti kitabuni, wakazichapa na kuzifundisha peke yake, zikawa mashairi ya maadili yasiyo na baba wala mtoto.

Nasema hapa tumekiumiza kitabu. Jiulize msomaji angedai nini. Ingejulikana kwamba Shaaban hakuwa na binti, ule utenzi ungebaki na mafundisho yake yote, na bado ungetuvunja moyo, kwa sababu nguvu yake imetoka kwa mzazi mjane anayeogopa kufa akamwacha mtoto hajui njia. Ahadi ya utenzi ule ni ahadi ya maisha. Ndiyo maana haukupachikwa tu ndani ya tawasifu. Ni sura ya tawasifu, sawa na sura inayosimulia kazi na uhamisho. Mtu aliyezoea kusema mambo mazito kwa beti, amefika kwenye jambo zito, akalisema kwa beti. Kitabu kizima ni maisha ya mtu mmoja. Ukikiita tawasifu umekiita vizuri, mradi usiwaambie wanafunzi kwamba tawasifu ni nathari.

Sasa tazama Kusadikika, kilichotoka 1951. Hiki tumekiita riwaya bila wasiwasi, na mimi ndiye ninayekuwa na wasiwasi. Nchi ya Kusadikika iko angani. Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu mambo ya sheria, na kwa siku kadhaa anasimama mbele ya mfalme kujitetea kwa kueleza yaliyowapata wajumbe waliotumwa huku na huku, wakarudi na heri, wakalipwa kifungo. Majina yenyewe yanakwambia watu hawa si watu: Majivuno, Buruhani, Fadhili, Auni. Mwanafunzi akiambiwa aeleze ukuaji wa mhusika Karama hupata shida, naye hana kosa. Karama hakui. Hakuwekwa pale akue, amewekwa ajenge hoja. Ukichukua kipimo cha ahadi, utaona msomaji hamdai Shaaban kwamba Karama afanane na mtu anayemjua mtaani. Anamdai kwamba utetezi usimame. Utetezi ungekuwa dhaifu, kitabu chote kingeanguka, hata kama lugha ingekuwa tamu namna gani. Kusadikika ni kitabu cha hoja kilichovaa hekaya, kilichoandikwa chini ya serikali ya kikoloni na mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Ukikisoma hivyo, yale yanayoitwa udhaifu wake wa kiriwaya, yaani hotuba ndefu, wahusika wa upande mmoja na mandhari ya mawinguni, yanageuka kuwa ufundi wenyewe.

Linganisha na Adili na Nduguze. Huko nako kuna majina yanayofundisha, huko nako kuna mfalme. Lakini ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na Adili anayelazimika kuwapiga kila usiku huku akilia, ni hekaya inayojitosha. Msomaji anadai kisa kimshike mpaka mwisho, basi. Vitabu viwili vya mwandishi mmoja, vilivyotoka karibu wakati mmoja, vyenye umbo linalokaribiana kabisa, na ahadi zake ni mbili. Kwa umbo peke yake usingeweza kuvitenga.

Wasifu wa Siti binti Saad (1958) unanipa kazi zaidi, na ni kitabu ninachokipenda. Shaaban anasimulia mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyeuza vyungu, aliyekuja kuimba mpaka akapelekwa Bombay kurekodiwa santuri mwaka 1928. Pia anaandika kurasa nyingi za adili juu ya husuda, subira na thamani ya kipaji, ambazo ungeweza kuzihamishia katika kitabu cha insha bila kubadili neno. Wapo wanaosema kwa hiyo si wasifu wa kweli, bali ni kitabu cha mawaidha kilichotumia jina la Siti. Sikubaliani nao. Bombay ingekuwa ya uongo, tungemdai. Wimbo ule wa kumkejeli kwa umaskini wake, alioutia kitabuni, ungekuwa wa kubuni, tungemdai zaidi. Mawaidha tunaweza kukubaliana nayo au kuyakataa na kitabu kisitikisike. Ahadi nzito imelalia upande wa maisha ya Siti, na mawaidha yamekuja kwa sababu hiyo ndiyo desturi ya kumsimulia mtu mwema kwetu: humalizi kisa bila kusema kinakufundisha nini.

Kuna kitabu kimoja cha mkoa huu ambacho kinanilazimu nikikunje kidogo kipimo changu. Ni Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, kilichochapwa kwanza Magila, kule Muheza, kwenye kiwanda cha misheni, kwa sehemu kadhaa kuanzia miaka ya 1890. Kinaanza na Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Unguu, aliyezaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, akakimbia jamaa zake na hatimaye akawa mfalme wa Washambaa. Mazungumzo ya Mbega na watu wake yameandikwa neno kwa neno, na hakuna mtu aliyekuwapo kuyanukuu. Ukiendelea mbele, unafika enzi za Kimweri na vita vya kugombea kiti vilivyofuata kifo chake, na sasa mwandishi anaeleza mambo ya wakati wake mwenyewe, ya watawala aliowajua na kuwatumikia. Sauti ni ile ile. Umbo ni lile lile, na hata mazungumzo bado yananukuliwa. Ahadi imebadilika njiani: mwanzo anakuahidi kukupa kisa kama wazee walivyokihifadhi, mwishoni anakuahidi aliyoyaona na kuyasikia yeye.

Hapo nimejifunza kwamba kitabu kimoja kinaweza kuwa na ahadi mbili zinazopokezana, na msomaji makini hupaswa kusikia mahali zinapopokezana. Kumwita Mbega uongo ni kutokisoma kitabu. Kumchukua Mbega kama shahidi wa mahakamani nako ni kutokisoma. Ajabu ni kwamba msomaji wa Kishambaa wa zamani asingehitaji kuambiwa haya. Alikuwa amekwisha zisikia habari za Mbega jikoni na porini, na alijua ni habari za namna gani.

Katika fasihi simulizi wataalamu wetu waliliona jambo hili zamani. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, hakuridhika na kutazama umbile la ndani la kazi. Alitaka tuangalie pia muktadha na namna kazi inavyowasilishwa kwa hadhira: nani anasema, wapi, lini, kwa ajili gani. Maneno yale yale yakiimbwa kwenye unyago si kitu kile kile yakiimbwa kwenye harusi. Nashangaa kwa nini kipimo hiki tumekiacha mlangoni mwa maktaba. Kitabu nacho kina hadhira, kina sababu ya kuandikwa, kina mtu anayekipokea mkononi akiwa na matumaini fulani. Tukifika penye karatasi tunajifanya hayo hayapo, tunahesabu mizani.

Suala hili si la vitabu vya marehemu. Mwaka huu nimeletewa mswada na mwalimu mstaafu wa upande wa Muheza, mwanamke mtu mzima, binti wa mkata mkonge aliyeletwa kutoka bara kama manamba. Umeandikwa kwa mkono kwenye madaftari makubwa ya hesabu. Sehemu moja ni maneno ya baba yake kama alivyomsimulia miaka yake ya mwisho. Nyingine ni utenzi wa mama yake wa kumwusia siku ya kuolewa. Nyingine ni maelezo ya jinsi jani la mkonge linavyokatwa, linavyofungwa mzigo na kupelekwa korona, kiwanda cha kutolea nyuzi, kwa undani ambao sijapata kuuona katika kitabu chochote cha Kiswahili. Na kuna sura ndefu inayosimulia usiku wa kwanza wa baba yake kambini, alivyolala, aliyemgawia uji, walichozungumza gizani. Mwenye kiwanda cha uchapaji alimwambia aandike "riwaya" juu ya jalada kwa kuwa riwaya ndizo zinazouzika. Mchapishaji mmoja alimrudishia akisema haueleweki ni kitu gani.

Nilimwamkia, tukaketi, nikamwuliza yeye mwenyewe angependa uitwe nini. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sijui mambo ya riwaya. Baba yangu hakuwa mtu wa kubuni. Ukiandika riwaya hapo juu, wajukuu zangu watadhani hakuwapo."

Hilo ni jibu la kitaalamu kuliko mengi niliyoyasoma. Amejua ahadi yake ni ipi, na amejua nani atamdai.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndani, kwenye kurasa. Katikati ya daftari la pili amebandika kipande cha baba yake, ile kadi ya kazi ya siku thelathini ambayo mkata mkonge hakulipwa mpaka aimalize. Kila siku aliyofanya kazi ina alama. Kisha kuna pengo la siku kadhaa bila alama, halafu alama zinaendelea. Kwenye ukurasa unaokabili kadi, mwalimu ameandika kwamba siku zile baba alikwenda kumzika rafiki yake katika kambi ya pili, akatembea usiku, akachelewa kurudi kwa sababu ya mafuriko. Pameandikwa vizuri sana, pengine ndipo pazuri kuliko pote. Nikamwuliza, mzee alikusimulia haya? Akanyamaza kidogo. Hakusimuliwa. Baba hakupata kueleza zile siku alikuwa wapi. "Sasa kama hakwenda kuzika," akasema, "angekosa posho yake kwa ajili gani?"

Nilimwelewa, na nikabishana naye kwa heshima zote. Kadi iliyo ukurasa wa kushoto inamwambia msomaji: haya yalikuwa. Ukurasa wa kulia hauwezi kusema kwa sauti ile ile jambo ambalo halikuwahi kuthibitika, kwa kuwa msomaji atauamini kwa dhamana ya kadi. Sikumwomba afute. Nilimwomba aseme kwamba hapa anawaza, mstari mmoja tu kabla ya kuanza, na afanye hivyo hivyo kwenye sura ya usiku wa kambini. Alikataa kwanza. Akaniambia kuwaza kwa mtoto juu ya baba yake si kubuni. Na katika hilo alinifundisha, kwa maana tukikubali kwamba kuwaza ni sehemu halali ya kitabu cha maisha, basi kinachotakiwa ni msomaji kujua lini mwandishi anakumbuka na lini anawaza, na akishajua, hana cha kudai. Ameongeza mistari miwili, kwa maneno yake, na nadhani imezidi kuipa nguvu ile sura: mtoto aliyebaki na kadi yenye pengo, anajaribu kulijaza. Jaladani patakuwa na neno "wasifu". Utenzi wa mama umebaki mahali pake, bila kuhamishiwa nyuma kama kiambatisho, ingawa palikuwa na ushauri wa namna hiyo.

Nimesikia hoja ya kwamba haya yote ni kujisumbua, kwamba tanzu tulizopewa na shule ya kikoloni tuzitupe, kitabu kiwe kitabu. Inavutia, lakini naikataa. Kwanza si kweli kwamba sisi hatukuwa na majina. Pwani hii ilikuwa na tarehe, wasia, hekaya, kisa, ngano, kasida, waadhi, habari, safari, na watu walijua kipi ni kipi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika kuhusu desturi za Waswahili katika kitabu kilichotoka Ujerumani 1903, ameandika pia habari za safari, na ukivisoma unaona alijua vizuri tofauti ya kueleza desturi na kueleza njia aliyopita. Pili, asiyetaja jina la kitabu chake anamwachia muuzaji alitaje, na muuzaji ana haja zake. Simulizi ngapi zinasambazwa kwa simu siku hizi kwa kichwa cha "kisa cha kweli", na ndani hakuna ukweli hata wa jina la mtaa? Msomaji aliyedanganywa mara tatu kwa neno "kweli" hatamwamini hata mwalimu wangu wa Muheza mwenye kadi mkononi.

Ngumu zaidi ni vitabu ambavyo mwandishi mwenyewe ameamua kukunyima pa kushika. Nagona na Mzingile vya Kezilahabi vinaitwa riwaya, wengine husema novela, na mtu anayevisoma akingoja kisa chenye mwanzo na mwisho hutoka amechoka. Ngao ya Jadi ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1976, imewekwa kwenye tamthiliya, na unapoisoma unakuta sauti ya msimulizi wa ngano na mdundo wa shairi kwa pamoja. Kwa hivi sidhani kipimo changu kinashindwa, ila kinadai uvumilivu. Hussein anamwahidi mtu kwamba maneno haya yatasimama yakitamkwa mbele ya watu. Yasome kimya chumbani, utayaona magumu. Yatamke, au nenda ukawasikilize vijana wa chuo cha sanaa Bagamoyo wakifanya mazoezi ya kazi za namna hiyo, utajua kwa nini ni tamthiliya. Kezilahabi anaahidi kwamba ukipotea, umepotea pamoja na mtu anayetafuta kitu cha maana. Ahadi hiyo anaitimiza katika Nagona kuliko katika Mzingile, kwa maoni yangu, na wapo watakaonipinga.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022, imefanya jambo jema kwa riwaya na ushairi. Waandishi ninaowajua huku Tanga wameanza kumaliza miswada iliyolala makabatini kwa miaka. Lakini mtu mwenye mswada kama ule wa madaftari ya hesabu akisoma masharti, ataona achague: autoe utenzi wa mama aingie kwenye nathari, au ageuze maisha ya baba kuwa hadithi ya kubuni. Waandaaji wangeweza kufungua nyanja ya maisha na kumbukumbu, isiyouliza kama umeandika kwa beti au kwa aya, na kuwapa majaji wake kazi ya kusoma kila mswada kwa ahadi yake. Maisha Yangu kingeletwa leo bila jina la mwandishi, kwa milango iliyopo sasa kingekosa pa kuingilia.